Unakwenda Hijja na taasisi? Andaa mwili kabla ya begi



Ndugu msomaji, kila mwaka katika mitaa yetu hupatikana mzee, mama au kijana ambaye Allah (s.w.) amemwandikia kwenda kuizuru Nyumba Yake Tukufu. Habari zikishaenea, nyumba hujaa shughuli. Watoto wanachangishana kukamilisha malipo ya taasisi, jirani analeta orodha ya dua, shangazi anaulizia zamzam na tende. Begi linanunuliwa, ihramu inawekwa tayari, semina za manasik zinahudhuriwa. Katika pilika zote hizo kitu kimoja husahauliwa hadi wiki ya mwisho, nacho ni mwili utakaoibeba ibada yenyewe.

Pakeji unayoilipia kwa taasisi ina viza, tiketi ya ndege, hoteli za Makka na Madina, hema la Mina na Arafa, mabasi na chakula. Haina ndani yake magoti yenye nguvu, presha iliyotulia wala dawa zako za kisukari. Hayo yako juu yako na juu ya familia yako, na hayaandaliwi kwa wiki moja. Katika makala hii tutapitia, Insha Allah, mambo ambayo msafiri wa Hijja anatakiwa kuyafanya kuanzia miezi mitatu kabla ya kupanda ndege mpaka atakaporudi nyumbani.

Uwezo si fedha peke yake

Aya ya 97 ya Suratu Aal-Imran imeifaradhisha Hijja kwa mwenye kuweza njia ya kuiendea. Mafaqihi wetu walipoueleza uwezo huo hawakutaja masurufu tu. Walitaja pia usalama wa njia na uzima wa mwili. Ndiyo maana mwanamke wa kabila la Khath'am alipomuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu baba yake, mzee aliyekuwa hawezi hata kukaa imara juu ya mnyama, aliruhusiwa kumhijia. Basi mgonjwa ambaye matabibu wamemwambia kuwa safari itamuua, na hana tamaa ya kupona, hajafungiwa mlango wa kheri. Amfuate sheikh anayemwamini, amwelezee hali yake, aelekezwe namna ya kuhijiwa.

Vilevile kuna fikra katika baadhi ya nyumba zetu kwamba kadiri hujaji anavyoteseka ndivyo thawabu zinavyoongezeka. Mzee anakataa kiti cha magurudumu huku magoti yamevimba. Mama anakataa mwavuli akidhani anapunguza ibada. Tuirejee Sunna. Mtu mmoja aliweka nadhiri ya kusimama juani akiwa amefunga, bila kukaa, bila kivuli na bila kusema. Mtume (s.a.w.) akaamuru aambiwe aseme, akae, aingie kivulini na aikamilishe saumu yake. Katika Hijja ya kuaga, Usama na Bilal (r.a.) walikuwa pamoja na Mtume (s.a.w.), mmoja ameshika hatamu ya ngamia na mwingine ameinua nguo kumkinga na joto mpaka alipoipiga mawe Jamratul Aqaba. Bi Sauda (r.a.) aliruhusiwa kuondoka Muzdalifa usiku kabla ya msongamano kwa sababu alikuwa mzito wa mwendo. Bi Ummu Salama (r.a.) alipougua alielekezwa atufu akiwa amepanda mnyama, nyuma ya watu.

Hizi ni ruhusa za dini. Anayezitumia kwa haja yake amefuata mafundisho, wala asijione ameiba.

Mwaka 2024 ulitufundisha nini?

Katika Hijja ya mwaka 2024 kisimamo cha Arafa kilikuwa Juni 15. Siku mbili baadaye joto katika Msikiti Mtukufu wa Makka lilifikia nyuzi 51.8 za sentigredi. Serikali ya Saudi Arabia ilitangaza kwamba mahujaji 1,301 walifariki dunia, Allah awarehemu. Katika tangazo hilo ilielezwa kwamba asilimia 83 ya waliofariki hawakuwa na kibali rasmi cha Hijja. Walitembea masafa marefu juani bila kivuli wala mahali pa kupumzika, na miongoni mwa waliofariki walikuwamo wazee na wenye maradhi sugu.

Zingatia jambo hilo kwa makini. Kibali cha Hijja si karatasi ya serikali tu, ni suala la afya. Mwenye kibali ana hema lenye kipoza hewa, basi lake na nafasi yake. Aliyepelekwa kwa viza ya matembezi au ya kuzuru ndugu, kwa sababu ilikuwa rahisi na ya haraka, hana chochote katika hivyo. Akiishiwa nguvu huogopa hata kuomba msaada asije akakamatwa. Mwaka 2025 faini ya anayehiji bila kibali iliwekwa hadi riali 20,000, lakini roho haina bei.

Na asiseme mtu kwamba Hijja inaondoka katika kiangazi, hivyo hatari imekwisha. Kweli, kwa kalenda ya kawaida Hijja hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka. Lakini hata mwezi Mei jua la Makka hupita nyuzi 40, na jua la namna hiyo wengi wetu hatujalizoea, awe wa Tanga, Mombasa, Ujiji au Kampala.

Kwa hiyo, kabla hujakabidhi fedha, muulize kiongozi wa taasisi maswali haya:

1. Viza yangu ni ya Hijja hasa? Nitaiona lini kwa macho yangu?
2. Hoteli iko umbali gani na Haram? Ina lifti? Wazee watapangiwa ghorofa ya ngapi?
3. Hema letu la Mina liko umbali gani na Jamarat?
4. Mnasafiri na daktari, tabibu au muuguzi? Kwa mahujaji wangapi?
5. Hujaji akilazwa hospitali, nani anabaki naye? Bima inalipia nini na hailipii nini?
6. Chakula cha mwenye kisukari na mwenye presha kimefikiriwa?

Kiongozi mkweli hatakasirika kuulizwa. Anayekasirika amekwishakujibu.

Miezi mitatu kabla: usimfiche tabibu

Nenda kituo cha afya mapema, hata kama hujisikii mgonjwa. Presha na kisukari hukaa mwilini miaka bila kupiga hodi. Pimwa presha, sukari, wingi wa damu na mkojo, na umweleze tabibu waziwazi kwamba unakwenda Hijja, utatembea kilomita nyingi kwa siku katika joto kali. Mwenye kisukari aombe kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari kwa miezi mitatu iliyopita. Kipimo cha asubuhi moja hakitoshi, kwani mtu anaweza kuiacha chai ya sukari jana yake na akaonekana mzima. Mwenye pumu, moyo au figo amwone daktari anayemtibu siku zote. Usisahau meno. Jino lililooza ambalo nyumbani linakusumbua mara moja moja linaweza kukuharibia siku za Mina. Mwenye miwani achukue ya akiba.

Kwa Hijja ya mwaka 2026 Saudi Arabia ilitangaza masharti ya afya yanayowazuia baadhi ya wagonjwa. Miongoni mwao ni wanaosafishwa damu kwa sababu ya figo, wenye moyo ulioshindwa kazi, wenye saratani walio katikati ya matibabu, wazee waliopoteza kumbukumbu, wenye kifua kikuu kinachoambukiza na wajawazito wa miezi mitatu ya mwisho. Masharti yanaweza kubadilika mwaka hadi mwaka, kwa hiyo yaulize kabla ya kulipa, si baada ya kulipa.

Hapa ndipo penye tatizo letu kubwa. Mzee anauficha ugonjwa asije akaambiwa abaki. Watoto wanaujua, nao wananyamaza kwa kumwonea huruma. Mwingine anatafuta fomu ya daktari isiyo ya kweli. Ndugu zangu, fomu ya uongo haishushi presha. Inachofanya ni kumnyima kiongozi wa msafara habari ambazo zingemsaidia kumwokoa mzee wako, kwa mfano kumpangia chumba cha chini, kumwombea kiti cha magurudumu, au kumwakilisha katika kupiga mawe kama sheria inavyoruhusu kwa asiyeweza. Aya ya 195 ya Suratul Baqara inatukataza kujitia wenyewe katika maangamizi. Kuficha ugonjwa katika safari kama hii kunakaribia mno katazo hilo.

Chanjo

Chanjo ya homa ya uti wa mgongo ni lazima, na pasipo cheti chake hujaji hatakiwi kuingia. Sababu yake imeandikwa katika historia ya Hijja. Mwaka 1987 ugonjwa huo ulizuka miongoni mwa mahujaji na kufuatana nao makwao. Mwaka 2000 na 2001 ulizuka tena kwa aina nyingine ya vijidudu, inayoitwa W135. Ndipo ikatakiwa chanjo inayokinga aina nne, yaani A, C, W na Y. Ichomwe siyo chini ya siku 10 kabla ya kufika Saudi Arabia. Cheti hudumu miaka mitatu au mitano kutegemea aina ya chanjo, hivyo hakikisha aina hiyo imeandikwa kwenye kadi yako.

Cheti cha homa ya manjano hutakiwa kwa wanaotoka nchi zilizomo katika orodha ya ugonjwa huo, au wanaopitia nchi hizo. Chanjo yake huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchomwa, na tangu Julai 2016 cheti kimoja kinatosha kwa maisha yote. Polio nayo hutakiwa kwa baadhi ya nchi, na orodha yake hubadilika. Chanjo ya mafua makali inashauriwa sana, hasa kwa wazee na wenye maradhi sugu.

Chanjo zichomwe katika kituo kinachotambuliwa na serikali. Tunasikia wapo wanaouza kadi ya njano bila sindano. Anayeinunua amejidanganya mwenyewe, kisha anawaweka hatarini mahujaji waliolala naye hema moja na watoto atakaowarudia.

Miezi miwili kabla: miguu

Sa'i peke yake, mara saba baina ya Safa na Marwa, ni zaidi ya kilomita 3. Tawafu ikifanywa ghorofa za juu mzunguko hurefuka mno. Kisha kuna siku za kupiga mawe, kwenda na kurudi, siku tatu au nne mfululizo. Mtu ambaye kutoka nyumbani hadi msikitini anapanda bodaboda hawezi kuyafanya hayo ghafla.

Anza kutembea dakika 20 kila siku baada ya Alfajiri. Kila wiki ongeza dakika tano au kumi, mpaka ufike saa moja bila kuhema. Ukipata maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi kukata, acha na uende hospitali siku hiyohiyo. Heri uyajue hayo nyumbani kuliko kuyajulia Mina.

Tembea na viatu vilevile utakavyosafiri navyo. Makubadhi mapya yanayofunguliwa Makka huzaa malengelenge siku ya kwanza. Ingia msikitini na kifuko cha kitambaa uviweke viatu vyako humo na kuvibeba, kwa sababu wengi hupotelewa na viatu mlangoni na kutoka pekupeku juu ya lami ya moto. Kwa mwenye kisukari hilo ni hatari kubwa, kwani miguu yake inaweza kuungua bila yeye kuhisi. Kila usiku akague nyayo na katikati ya vidole, au amwombe mwenzake amwangalizie.

Wanaume wengi hupata michubuko mapajani kwa sababu ndani ya ihramu hawavai nguo ya kushonwa. Paka mafuta mazito ya mgando yasiyo na manukato kabla ya kuanza kutembea, usingoje ngozi ichubuke. Sabuni, mafuta na vitambaa vya kujifutia utakavyotumia ukiwa katika ihramu navyo visiwe na manukato.

Mfuko wa dawa

Dawa za kila siku ziwe za kutosha siku zote za safari, na uongeze za siku 10 kwa ajili ya kuchelewa. Ziweke katika begi la mkononi, maana begi kubwa huweza kufika baada yako. Ziache katika makopo na paketi zake zenye majina, usizichanganye katika mfuko mmoja wa nailoni. Mwombe tabibu aandike barua fupi yenye maradhi yako, majina ya kitaalamu ya dawa na vipimo vyake, kwa Kiingereza au Kiarabu. Nakala moja ibaki nawe, nyingine apewe kiongozi, ya tatu ibaki nyumbani.

Insulini isiwekwe kwenye begi linalokwenda chini ya ndege kwa sababu inaweza kuganda, wala isiachwe juani. Ibebe katika kifuko cha ubaridi bila kuigusisha barafu moja kwa moja. Mwenye kisukari awe na mashine yake ya kupimia pamoja na tende au pipi mfukoni, kwa sababu kutembea sana hushusha sukari. Jasho la baridi, kutetemeka na kuchanganyikiwa ni dalili za kuishiwa sukari. Ale kitu kitamu papo hapo, asisubiri amalize mzunguko.

Zaidi ya hizo, chukua vitu hivi:

– paketi za ORS za maji ya chumvichumvi
– dawa ya maumivu ya kawaida
– bandeji, plasta na pamba
– barakoa na sabuni isiyo na manukato
– mwavuli wa rangi nyeupe au ya kung'aa
– chupa ya maji na chupa ndogo ya kujinyunyizia
– wembe mpya wako mwenyewe, uwekwe katika begi kubwa, si la mkononi

Dawa kali za maumivu na za usingizi, kama tramadol na diazepam, zina sheria kali Saudi Arabia. Kama unazitumia kwa maelekezo ya daktari, uliza utaratibu wa kibali kabla ya safari. Miraa huko ni dawa ya kulevya. Usipokee kifurushi cha mtu kumpelekea ndugu yake hata ukiambiwa ni unga wa mbegu au mitishamba. Na usibebe jiko. Moto uliozuka Mina mwaka 1997 uliua watu zaidi ya 300, na tangu hapo mahema yalibadilishwa yakawekwa yasiyoshika moto kwa urahisi, na kupika ndani yake kukakatazwa.

Kwa akina mama

Bi Aisha (r.a.) alipata hedhi akiwa safarini kwenda Hijja. Mtume (s.a.w.) alimwelekeza afanye yote anayofanya hujaji isipokuwa kutufu Al-Kaaba mpaka atwaharike. Kwa hiyo hedhi haiharibu Hijja, na mama asilie wala asijione mkosefu. Tabu ya siku hizi ni tarehe ya ndege. Tawafu ya Ifadha ni nguzo, na msafara una siku yake ya kuondoka.

Anayetaka kutumia vidonge vya kuchelewesha hedhi amwone tabibu miezi mitatu kabla, avijaribu mwezi mmoja akiwa nyumbani, na aelekezwe siku ya kuanza. Kwa kawaida huanzwa angalau siku tatu kabla ya hedhi kutarajiwa. Visitumiwe na mwenye mimba, aliyewahi kupata damu kuganda miguuni au mapafuni, aliyepata kiharusi, mwenye saratani ya matiti au ugonjwa mkali wa ini. Kuazimana vidonge hotelini ni kosa. Matone yakitokea pamoja na vidonge, ufafanuzi wake uko kwa mwanachuoni wa msafara. Usiamue mwenyewe wala usikae kimya kwa haya. Mwambie pia kiongozi mapema, ili tawafu yako ipangiwe siku inayofaa.

Jambo jingine ni mkojo. Akina mama wengi, na wazee wenye tezi dume, huacha kunywa maji Arafa na Muzdalifa kwa kuogopa foleni ya choo. Matokeo yake ni maambukizi ya njia ya mkojo, au kuzimia juani. Kunywa maji, nenda chooni mapema kabla haja haijabana, na uende na mwenzako ili msipotezane.

Joto: jikinge na umwokoe mwenzako

Usisubiri kiu. Unapotembea juani kunywa kikombe cha maji kila baada ya dakika 15 hadi 20, na katikati yake tumia maji ya ORS au kula chakula chenye chumvi kidogo, kwani jasho huondoka na chumvi. Mkojo wako ni kipimo kizuri. Ukiwa wa rangi nyepesi uko salama, ukiwa wa rangi ya chai ya rangi umechelewa. Mwenye moyo au figo aulize kiwango chake kabla ya safari. Anayetumia vidonge vya kukojoza kwa ajili ya presha naye aulize namna ya kuvitumia katika joto, asiviache kwa uamuzi wake.

Fanya tawafu na sa'i usiku au alfajiri inapowezekana. Adhuhuri kaa ndani. Siku ya Arafa dua hukubaliwa ndani ya hema pia. Kupanda Jabali Rahma juani si sharti la kisimamo, kwani Arafa yote ni mahali pa kusimama. Mwavuli hauharibu ihramu.

Zitambue dalili. Mwenzako akiwa na jasho jingi, kichwa kinamuuma, kichefuchefu na misuli inakaza, huo ni uchovu wa joto. Mpeleke kivulini, mlaze, mpe maji ya ORS taratibu. Akianza kusema maneno yasiyoeleweka, kuyumba kama mlevi, kuzimia au kupata degedege, na mwili wake unawaka moto, hicho ni kiharusi cha joto na dakika zina hesabu. Piga simu 997 ya gari la wagonjwa au ita askari aliye karibu. Huku msaada ukisubiriwa, mtoe juani, mlegezee nguo, mmwagie maji mwili mzima, mpepee kwa nguvu, na mwekee barafu au vitambaa vya maji baridi shingoni, makwapani na kwenye kinena. Asiye na fahamu usimpe maji mdomoni, mlaze kwa ubavu. Panado haiponyi joto la namna hii.

Usiogope kumfunika kichwa kwa kitambaa cha maji eti yumo katika ihramu. Aya ya 196 ya Suratul Baqara imempa nafasi mgonjwa na mwenye udhia kichwani, kisha akatoa fidia. Okoa roho kwanza, hukumu ya fidia muulizeni sheikh baadaye.

Usafi

Kikohozi ni ugonjwa unaowapata wengi mno katika Hijja. Osha mikono kwa sabuni, vaa barakoa katika msongamano, kohoa katika kiwiko au kitambaa, usinywe kikombe kimoja na watu kumi. Dawa za kuua vijidudu usizimeze kwa kila kikohozi. Lakini pumzi ikibana, ukikohoa damu au homa ikizidi siku tatu, mwone daktari.

Kula chakula cha moto kilichopikwa karibuni. Wali uliokaa hemani tangu mchana usiule usiku. Kaa mbali na ngamia na usinywe maziwa yake mabichi, kwa sababu upo ugonjwa wa mapafu uitwao MERS, uliogunduliwa mwaka 2012, ambao ngamia huwaambukiza binadamu.

Unaponyoa, nenda kwa kinyozi mwenye leseni, na wembe uwe mpya, ufunguliwe mbele ya macho yako. Wembe mmoja ukipita vichwa viwili unaweza kupeleka homa ya ini na virusi vya Ukimwi. Furaha ya kutahalali isikusahaulishe hilo.

Mzee anayesahausahau asiachwe hata dakika moja. Avae kadi yake rasmi shingoni, na awe na karatasi yenye jina la taasisi, hoteli na simu ya kiongozi.

Ukirudi

Homa yoyote ndani ya wiki mbili baada ya kurudi usiitibu dukani. Nenda hospitali na useme tangu mlangoni kwamba umetoka Hijja. Na ukiugua homa ukiwa Saudi Arabia, mwambie daktari wa huko kwamba umetoka nchi yenye malaria, maana vijidudu vyake huweza kukaa mwilini siku kadhaa kabla ya kujitokeza, na yeye anaweza asiifikirie. Wageni wanaokuja kukupongeza nao uwapokee kwa busara. Kama una kikohozi, kukumbatia watoto wachanga na wazee kunaweza kungoja.

Ndugu msomaji, kama kwenu yupo anayesafiri mwaka huu au mwakani, kaeni naye usiku wa leo baada ya Isha. Muulizeni kwa upole anameza dawa gani, anapata maumivu gani, mara ya mwisho alipimwa lini. Kisha mmoja wenu amsindikize kituo cha afya wiki hii, kabla ya kwenda dukani kununua begi. Huo nao ni wema kwa wazazi, na ni sehemu ya kumwandalia Hijja yake.

Tunamuomba Allah (s.w.) awatakabalie mahujaji wetu, awape afya ya kutimiza nguzo hii, na awarejeshe salama kwa wanaowasubiri. Amin.

Wabillahi tawfiq.